Virutubishi vya unga vipimwe dukani, si kiwandani pekee

TANGU mwaka 2012, sheria ya Kenya imewalazimu wasagaji wa unga wa pakiti wa mahindi na ngano, pamoja na watengenezaji wa mafuta ya kupikia, kuongeza virutubishi katika bidhaa zao. Azma hiyo ni njema. Swali linalosalia ni hili: je, virutubishi hivyo humfikia mlaji?

Vitamini A huharibiwa na mwanga, joto na hewa. Mtaani Kayole, ambako familia nyingi hununua chakula cha siku kwa vipimo vidogo, unga uliokwisha kufunguliwa au kukaa juani hupoteza sehemu ya vitamini hiyo kabla ya kuingia sufuriani.

Ndiposa wanasayansi huifunika katika kapsuli ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zilizoundwa kwa polima asilia kama vile gelatini, wanga na gundi ya migunga. Hata hivyo, maganda ya polima hizi aghalabu huruhusu unyevu kupenya na molekuli ndogo kuvuja. Tiba mojawapo ni kuyaimarisha kwa madini, kwa mfano silika au kalsiamu kaboneti, ambayo huziba vinyweleo jinsi kokoto zinavyoimarisha ukuta wa udongo. Kalsiamu kaboneti ina faida ya ziada: huyeyuka katika asidi ya tumbo, kirutubishi kikaachiliwa panapostahili.

Kufunika virutubishi si jambo geni nchini. Mwaka 2004, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyiwa Kenya kuhusu chumvi yenye iodini na madini ya chuma. Viwili hivi vikigusana, iodini hupotea. Chuma kilipofunikwa, sehemu kubwa ya iodini ilihifadhika.

Kenya haikosi malighafi pia. Gundi ya migunga hukusanywa Turkana, Isiolo na Wajir, lakini aghalabu huuzwa ikiwa ghafi.

Wakaguzi, basi, hawana budi kupima unga ulioko madukani mwa Kayole, wala si ule unaotoka kiwandani tu. Nao wanaosaga mahindi yao katika visiagi vya mtaani wasisahauliwe, kwani sheria iliyolenga unga wa pakiti haikuwagusa. Nembo iliyochapishwa kwenye pakiti haimlishi mtoto; kinachomlisha ni kile kinachofika sahanini.