Saa ilipotaka kuniua kwa presha

Wadau, Jumamosi alfajiri nilikuwa nakimbia taratibu Coco Beach, napiga soga na mwenzangu, mara saa ya mkononi ikasema moyo unapiga mara 178 kwa dakika. Kijasho chembamba kikanitoka! Nikasimama, nikaweka vidole shingoni, nikahesabu sekunde 15, nikazidisha kwa 4: 132. Kumbe mkanda ulilegea, na ile taa ya kijani ikawa inahesabu hatua zangu badala ya mapigo.

Hoja yangu: saa ni msaidizi, si daktari. Kaza mkanda, hesabu mwenyewe. Ila vidole vikikuambia mapigo yanarukaruka, au kifua kinauma na kizunguzungu juu, usiisingizie saa. Acha mbio, nenda hospitali.

Nawasilisha.