Kazi ya Kusikiliza Mwili: Somo kutoka Kitale na Bungoma

Wengi wetu wa Pwani tunaifahamu miji ya Kitale na Bungoma kwa mahindi, kwa sukari, na kwa jamaa zetu waliohamia huko kwa biashara au kwa ndoa. Kitale uko mashariki ya Mlima Elgon, na Bungoma uko kusini yake. Kati ya mwaka 2006 na 2008 mlima huo ulikumbwa na mapigano ya ardhi yaliyoongozwa na kundi la Sabaot Land Defence Force, kisha operesheni ya jeshi iliyoanza Machi 2008. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi za Trans Nzoia zilikimbia makwao.

Mapigano yalitulia na mashamba yakalimwa tena. Lakini mtoto aliyeona nyumba yao ikiteketea aweza kukaa darasani kimya, akamjibu kila amwulizaye kwamba hajambo, huku moyo ukimwenda mbio kila mlango unapobishwa. Mwalimu humwona mtukutu. Mama mlezi hudhani anasingizia maumivu ya tumbo ili asiende shule. Kumbe tumbo linamuuma kwelikweli. Wahenga walisema moyo wa mtu ni msitu. Lakini msitu nao una dalili zake kwa anayejua kuzisoma.

Wako wanaozisoma dalili hizo kwa taaluma. Ni wanasaikolojia watafiti wa saikofiziolojia, yaani elimu inayochunguza namna hali za nafsi zinavyojitokeza mwilini. Jina ni geni, lakini fikra ni ya kale. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake cha tiba namna ya kumtambua mpendwa wa mgonjwa wa mapenzi asiyetaka kumtaja: tabibu ashike mshipa wa mkono wake, ayataje majina mbalimbali mara kwa mara, na aangalie ni jina lipi linaloyabadilisha mapigo. Chombo chake kilikuwa vidole vyake.

Leo vyombo vimeongezeka. Mwaka 1924 daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alifanikiwa kwa mara ya kwanza kunasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa kubandika vipokezi kichwani. Hapa kwetu Kilifi, mashine za namna hiyo zimetumika katika utafiti wa kifafa. Mtafiti wa saikofiziolojia hupima pia mapigo ya moyo, pumzi, mkazo wa misuli, na jasho jembamba la viganja ambalo hutoka mtu anaposhtuka hata kama uso umetulia. Hupima vilevile homoni ya kotizoli katika mate. Homoni hiyo hupanda muda mfupi baada ya mtu kuamka, kisha hushuka taratibu hadi usiku; na mtu akipatwa na mfadhaiko, huongezeka.

Je, basi mashine imetosha, na ulimi hauna kazi tena? La. Tutazame mfano kutoka Siaya, katika eneo la Rarieda. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya maskini zilizopewa fedha taslimu bila masharti. Waliwauliza watu hali zao, na pia wakapima mate yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliopokea fedha walijieleza kuwa na nafuu kubwa ya nafsi. Hata hivyo, kiwango cha kotizoli kwa jumla hakikubadilika kwa namna ya kutegemewa. Tofauti zilionekana katika baadhi ya makundi tu. Ulimi ulisema jambo moja, mate yakasema jingine. Mtafiti mwaminifu huyaandika yote mawili. Mapigo ya moyo hueleza kwamba mtu ameguswa, lakini hayaelezi ameguswa na nini. Hofu na furaha zote huupeleka moyo mbio. Lazima mwenyewe aulizwe, tena aulizwe na anayeielewa lugha yake.

Hilo ndilo lililodhihirika Bungoma. Wanasaikolojia na watafiti kutoka vyuo vikuu vya Washington na Duke vya Marekani, akiwemo Shannon Dorsey, walishirikiana na mashirika ya hapa kuwahudumia watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na wakabaki na kiwewe. Watoto walikuwa 640, wa umri wa miaka 7 hadi 13, wa mjini na wa vijijini, Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania. Kipimo chao kikuu kilikuwa maswali yaliyoulizwa kwa utaratibu. Walioongoza vikao hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida wa maeneo hayo hayo, ambao hawakuwa na ujuzi wa tiba ya nafsi kabla ya kufunzwa na kusimamiwa. Watoto walikutana kwa makundi mara 12, kila wiki mara moja, pamoja na vikao vichache vya mtoto peke yake. Walezi nao walikuwa na vikao vyao.

Humo mtoto alifundishwa kutuliza pumzi na mwili, kisha taratibu akasimulia yaliyomfika. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kuwa Bungoma, mjini na vijijini, watoto hao walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida, na tofauti hiyo ilikuwapo hata baada ya mwaka mmoja. Moshi, baada ya muda huo, makundi mawili yalikuwa yamekaribiana. Baadaye walimu na wahudumu wa afya wa jamii wa Bungoma nao walifunzwa kuviongoza vikao hivyo.

Dada yangu, hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wazazi wa mabinti. Taaluma hii inawahitaji watu wa kwetu. Mtafiti mgeni anayekusanya mate asubuhi katika mwezi wa Ramadhani, bila kujua kwamba mama huyu aliamka kula daku kisha akalala tena, atayasoma vibaya mate hayo. Na pale inapobidi kubandika vipokezi vya moyo kifuani, wanawake wengi watakataa kama mpimaji ni mwanamume. Basi watabaki nje ya utafiti, na elimu itakayoandikwa haitakuwa na habari zao.

Njia ya kuifikia kazi hiyo haiko mbali. Msichana anayemaliza kidato cha nne Kitale au Bungoma aweza kwenda Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi kina shahada ya saikolojia ya tiba. Ahitaji biolojia, hisabati, na subira ya kuendelea hadi uzamili na uzamivu. Kenya inayo sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Mfano wa mwanamke aliyetangulia tunao: Profesa Amina Abubakar, mwanasaikolojia Mkenya ambaye kwa miaka mingi alifanya utafiti Kilifi wa ukuaji wa watoto, akashiriki kutengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto wadogo chenye jina la Kilifi, na kisha akaongoza taasisi ya maendeleo ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Aga Khan.

Tusiwafiche mabinti ugumu wake. Haushofer tuliyemtaja, aliyekuwa akifundisha Princeton, mwaka 2016 alitangaza orodha ya nafasi, tuzo na fedha za utafiti alizonyimwa, ili vijana wajue kwamba nyuma ya kila kufaulu kuna barua nyingi za kukataliwa. Mzazi anayemlipia mwanawe karo ya masomo haya na ajue hilo mapema, asije akamkatisha tamaa katika mwaka wa pili au wa tatu.

Na kwa sisi tulio nyumbani bila mashine, somo la Bungoma linatosha kuanzia leo. Mtoto aliyefiwa akilalamikia tumbo au kichwa kila asubuhi, apelekwe zahanati atazamwe. Ikiwa hakuna ugonjwa ulioonekana, asiitwe mwongo. Akae na mtu mzima anayemwamini, atulize pumzi, aulizwe kwa upole, na apewe nafasi ya kujibu siku atakapoweza. Kama usingizi, chakula au masomo yanazidi kuharibika, atafutiwe mshauri aliyefunzwa. Mwili wake umekwisha sema. Lililobaki ni sisi kumsaidia apate maneno.