Hatukurudi nyumbani kupangiwa kila kitu

Mwezi uliopita viongozi wa tarafa yetu, kusini mwa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, walituita kutueleza habari ya kuhamisha soko. Tulifika wengi: wavuvi, wauza mawese, wanaovuka kwenda Kigoma kufuata bidhaa, na sisi tuliorudi kutoka Tanzania.

Hakuna aliyepinga soko kuhama. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, maji yakafika kwenye meza za ndagala. Tulitaka kujua mambo matatu tu: nani atapewa kibanda, kwa bei gani, na mizigo itapandaje kutoka mwaloni hadi huko juu, mwendo wa kilomita tatu.

Mpango wenyewe uliandikwa kwa Kifaransa. Karani aliufupisha kwa Kirundi dakika chache, akafunga faili. Mama mmoja muuza mawese akasimama: "Waheshimiwa, dumu la lita 20 nikilipandisha kwa baiskeli, faida yangu yote anaichukua mwenye baiskeli. Hilo mmelihesabu?" Akajibiwa: "Mama, kaa chini. Mpango umekwisha kupitishwa."

Jibu hilo nililizoea tangu utotoni. Nilizaliwa Mishamo mwaka 1979. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972. Watanzania walitupa ardhi na shule, na fadhila hiyo sitaisahau. Lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, na mipango ililetwa ikiwa tayari. Wenyeji wa vijiji vya jirani walikuwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya mwaka 1982 kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake. Wao waliuliza mapato na matumizi; sisi tulisubiri tangazo.

Mwaka 2009 nilirudi Burundi ili nami niwe mtu wa kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba kila mtu akiulizwa, hakuna kitakachojengwa. Nawajibu: soko lisilokubaliwa na wauzaji hubaki tupu. Watu watapanga bidhaa barabarani, tarafa itakosa ushuru, na askari watashinda wakifukuzana na akina mama.

Tena tangu mwaka 2025 tarafa 119 za nchi yetu zimeunganishwa zikawa 42. Kwa wengi ofisi imekuwa mbali zaidi. Hiyo ni sababu ya viongozi kututafuta zaidi, si kutusikiliza kidogo.

Tunachoomba si kikubwa. Mpango ubandikwe sokoni kwa Kirundi na Kiswahili wiki mbili kabla ya uamuzi, bei za vibanda zikiwemo. Wauzaji wachague wenzao waingie katika kamati ya kugawa. Na njia ya mizigo itengenezwe kabla ya soko kufunguliwa.

Nasi tuliorudi tujisahihishe. Siku ile tulikaa nyuma kabisa, kisha tukanung'unika njiani. Tunaogopa kuambiwa, "Kama hampendi, rudini Tanzania." Mimi mwenyewe, mwalimu, nilinyamaza wakati mama yule akiketishwa, ingawa swali lake lilikuwa langu pia.

Mkutano ujao nitakaa mstari wa mbele, karibu naye. Akiambiwa akae chini, nitasimama mimi niulize swali lile lile.