Supachaja ya Nairobi ilivyonyamaza Voi

JUMAMOSI moja ya mwezi wa Desemba, mama watoto alikuwa ndiyo kwanza amepakua chakula cha mchana simu yangu ilipolia. Alikuwa mpwa wangu, akipiga kutoka kando ya barabara karibu na Voi.

“Mjomba, gari linagonga,” akasema. “Linagonga kama kokoto ndani ya mkebe.”

Nikamwambia azime injini mara moja. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba ilikuwa imekwisha kuzimika yenyewe.

Wapenzi wasomaji, vijana wengi huniuliza kama inafaa kufunga supachaja kwenye gari la spoti lililotoka kiwandani bila kifaa hicho. Leo nitawajibu kwa kisa hiki, maana nami nina fungu langu katika lawama.

Mpwa wangu ana Toyota 86. Injini yake ni ya lita mbili, silinda nne zilizolala ubavu, mbili huku na mbili huku, kama za Subaru. Na kwa hakika Subaru ndiyo iliyoiunda. Kiwandani huhesabiwa kuwa na nguvu za farasi 200. Lakini tangu alinunue, kijana alilalamika kwamba hapa Nairobi farasi hao hawaonekani wote.

Hakuwa akisema uongo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Tukiihesabu hewa ya Mombasa kuwa 100, ya Nairobi ni 83 tu. Injini hula hewa kwanza ndipo ile petroli. Ikipunjwa hewa, hupunjwa nguvu kwa kiasi kicho hicho, na farasi 200 hubaki 165 au karibu na hapo.

Ndipo akaanza kuiota supachaja. Hii ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe, tofauti na tabo ambayo huzungushwa na moshi unaotoka. Kazi yake mnaijua nyote mliowahi kupepea jiko la makaa kwa kifuniko cha sufuria. Hewa ikizidi, moto huwaka kwa nguvu. Lakini ukipepea bila kuongeza makaa, jiko hufoka kidogo kisha likaisha. Na ukipepea bila kiasi, cheche hurukia nguo zako.

Kijana alikuwa ameweka akiba kwa miaka miwili. Sehemu ya fedha hizo alikuwa amemwahidi mama yake, ambaye ni dada yangu, kwamba zitamlipia dada yake mdogo karo ya muhula wa kwanza wa chuo. Aliniambia karo haitaguswa, kwani supachaja aliipata kwa bei nzuri. Nikamwamini. Zaidi ya hayo nilimsifu, na siku gari lilipotoka gereji niliketi kando yake tukapanda barabara ya Limuru nikicheka kama mtoto.

Fundi wake, nisiseme uongo, alikuwa hodari. Aliweka injekta kubwa zaidi ili petroli itoshe, plagi zinazostahimili joto, na redieta ndogo ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Kisha kwa siku tatu akaiandikia upya kompyuta ya gari: kiasi gani cha petroli, na cheche ipigwe wakati gani. Yote hayo yalifanyika Nairobi. Hapo ndipo kosa lilipojificha, na hakuna aliyeliona, hata mimi ninayeandika ukurasa huu kila Jumapili.

Fanyeni hesabu hii pamoja nami. Supachaja ile iliongeza hewa kwa asilimia 40. Hapa Nairobi, 83 ukiiongeza asilimia 40 hupata 116. Kumbe nyongeza yote ile ya fahari ilikuwa inaipa injini hewa iliyozidi kidogo tu ile ambayo ingeipata bure ikiwa Mombasa!

Lakini mkanda haujui kama gari liko Nairobi au pwani. Pampu huzunguka vile vile na kuongeza kwa kipimo kile kile. Gari likishuka kuelekea baharini, 100 huwa 140. Injini iliyozoeshwa 116 hulazimika kumeza 140, bila mtu kugusa skrubu hata moja.

Tena hewa ikibanwa hupata moto, kama mnavyoona pampu ya baiskeli inavyochoma vidole. Kwa kubanwa kiasi hicho, hewa yaweza kupanda digrii 40 na zaidi kabla ya kupozwa, na siku hiyo jua la Tsavo lilikuwa halina huruma. Juu ya yote, injini ya Toyota 86 hubana sana kwa maumbile yake, kipimo cha 12.5 kwa 1, ndiyo maana kiwanda hutaka petroli ya okteni ya juu. Mchanganyiko ukiwa na moto mwingi na ukabanwa mno, sehemu yake hulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu. Mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo. Huko ndiko kugonga kule alikokusikia.

Katika kompyuta ya gari zilikuwamo nambari za hewa ya 140, lakini hazikuwa zimejaribiwa. Hazingeweza kujaribiwa Nairobi, kwa sababu hapa injini haifiki huko. Fundi alizijaza kwa kukadiria. Mpwa wangu alipokanyaga mafuta ili alipite lori, dada yangu akiwa kando yake akielekea pwani kupumzika kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, makadirio yale ndiyo yaliyojibu. Pistoni moja ilivunjika baina ya ringi zake.

Kosa hili la kupachika nguvu mahali ambapo haikupangiwa si geni. Mwaka 1929, Mwingereza Henry Birkin alitaka gari la Bentley la lita 4.5 lifungwe supachaja. Mwenye kuliunda, W. O. Bentley, alikataa, akiamini kwamba njia salama ni kuunda injini kubwa zaidi. Birkin akapata fedha kwa tajiri Dorothy Paget, na supachaja ikafungwa mbele kabisa, mbele ya redieta. Nguvu zikapanda kutoka farasi 110 hadi 175, na katika magari ya mashindano zikafika 240. Yalikuwa magari ya kasi ajabu. Hata hivyo, katika mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1930, yale mawili yaliyoanza yaliharibikia njiani. Waliochukua nafasi ya kwanza na ya pili walikuwa Bentley vile vile, lakini zenye injini kubwa ya lita 6.5 na zisizo na supachaja.

Hata hivyo sisemi supachaja ni mbaya. La hasha! Kuna madereva wanaozitumia miaka nenda miaka rudi bila tatizo. Ninachosema ni kwamba kifaa chenyewe ni nusu tu ya gharama. Aliye na fedha za kununua supachaja peke yake hajawa na fedha za supachaja.

Kwa hivyo kijana, kabla hujafungua pochi, muulize fundi maswali haya. Mosi, hesabu zimeachiwa nafasi kiasi gani kwa hewa ya pwani? Kama hakuelewi, tafuta mwingine. Pili, je, atakwenda nawe mahali pa chini na kompyuta yake, mkanyage mafuta polepole huku akisoma na kurekebisha? Tatu, je, anaweza kukufungia puli kubwa zaidi kwenye supachaja? Puli kubwa huizungusha pampu polepole, nguvu zikapungua kidogo na injini ikapumua. Nne, je, breki na klachi zinatosha? Na kampuni yako ya bima uijulishe mapema, isije ikajua siku ya ajali.

Ukiwa tayari umeifunga na ukasikia kokoto zikitikiswa, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, uegeshe kando na uzime. Usimalize kulipita lori.

Gari la mpwa wangu lilirudi Nairobi mgongoni mwa lori, na dada yangu akarudi kwa basi bila kuiona bahari. Injini nyingine ilinunuliwa kwa fedha ambazo hazikupaswa kuguswa. Binti yule alikaa nyumbani muhula mzima akiwatazama wenzake wakifungasha masanduku. Hakumlaumu kaka yake hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lililomuuma kijana kuliko hasara ya injini.

Muhula uliofuata karo ililipwa, nusu na yeye, nusu na mjomba aliyecheka njia nzima ya Limuru. Supachaja imefungwa gunia, iko chini ya kitanda kwa dada yangu. Kijana anasema ataifunga tena, safari hii na puli kubwa, na kwamba fundi atakuwa ndani ya gari hadi waione bahari. Dada yangu amesema sawa, bora na yeye awe amekwisha kufika kwa basi.

Tukutane Jumapili ijayo.