Lori Kuukuu Nalo Lina Mwizi Wake

Imezoeleka maofisini na mashuleni kudhani kwamba lori kuukuu halimvutii mwizi. Dhana hiyo ni potofu. Bedford au Land Rover ya miaka ya 1970 haina kifaa cha elektroniki cha kuutambua ufunguo wake; anayezijua nyaya za swichi huziunganisha, akaliwasha gari na kuondoka. Asipolitaka zima hulichinja kwa vipuri, ambavyo kwa uhaba wake havikosi mnunuzi.

Kinga yake haihitaji fedha za kigeni. Lori la petroli likitolewa rota ya distributa, kipande kinachoenea mfukoni mwa dereva, haliwaki, labda mwizi awe amekuja na rota yake. La dizeli ni suala jingine. Injini nyingi za zamani za aina hiyo zikishawaka haziutegemei umeme, na likiegeshwa mteremkoni huwashwa kwa kusukumwa tu. Hilo lafaa liwekewe koki ya siri kwenye bomba la mafuta, ili likiibwa lizimike baada ya mwendo mfupi. Na usukani upigwe mnyororo na kufuli.

Lakini rota itasaidia nini iwapo ufunguo huning'inizwa kwenye msumari ofisini kwa karani, na mlinzi hajui ni nani aliyeruhusiwa kulitoa gari usiku? Na mwalimu mkuu asiye na daftari la safari, ambaye namba ya chesisi ameiacha kwenye kadi iliyomo ndani ya lori lenyewe, polisi wakimwuliza atawajibu nini?