Kura ya Michigan: Usawa wa Jina Tu

Jamani, bado kuna watu wanaisifu ile kura ya Novemba 2006 kule jimbo la Michigan, Marekani. Waliibatiza Mpango wa Haki za Kiraia. Ukisikia jina utadhani Martin Luther King alifufuka akaiandika! Kumbe kazi yake ilikuwa kupiga marufuku mipango ya kuwainua Weusi, Walatino na wanawake katika vyuo vya umma, ajira za serikali na zabuni. Ikapita kwa asilimia 58. Mimi naipinga, na nitaipinga kama mtu wa kompyuta.

Tuanze na fomula. Hadi 2003, Chuo Kikuu cha Michigan kiliwapimia waombaji wa shahada ya kwanza kwa alama 150, na ukifika 100 kwa kawaida unaingia. Masomo ya sekondari yalibeba hadi 80. Kutoka jamii iliyobaguliwa kulikupa 20, na kelele zote zikawa juu ya hizo 20. Lakini fomula hiyohiyo ilimpa 20 anayetoka familia maskini, hata akiwa Mzungu. Mwanariadha aliyesakwa na chuo, 20. Mkazi wa jimbo, 10. Mtoto wa mzazi aliyesoma hapohapo, 4.

Mahakama ya Juu iliifuta fomula hiyo 2003, lakini siku hiyohiyo ikaruhusu rangi iwe jambo moja kati ya mengi pale kila mwombaji anapotazamwe kivyake. Kwa hivyo 2006 alama 20 zilikuwa zimeshakufa. Kura ilikuja kuua huko kutazamwa kivyake. Na upendeleo wa watoto wa wahitimu? Haikuugusa. Huo ndio usawa?

Wanasema sheria isione rangi. Sawa, lakini yeyote aliyewahi kushughulika na data anajua kwamba kufuta safu ya rangi kwenye jedwali hakuifuti rangi. Imebaki kwenye mtaa, kwenye shule, kwenye kipato cha wazazi. Umeficha tu kile ulichohitaji kukiona ili urekebishe.

Wengine husema, saidieni maskini bila kutaja rangi. Wazo zuri, na lilijaribiwa kwa miaka. Chuo chenyewe kiliiambia Mahakama ya Juu 2022 kwamba wanafunzi Weusi wa shahada ya kwanza walishuka kutoka takriban asilimia 7 mwaka 2006 hadi takriban 4 mwaka 2021, huku sehemu yao kati ya vijana wa umri wa chuo jimboni ikipanda kutoka 16 hadi 19. Programu ikitoa majibu kama hayo miaka 15 mfululizo, hatuisifu. Tunaitengeneza.

Najua, 2023 Mahakama ya Juu ilizuia rangi kutumika kuchagua wanafunzi nchi nzima. Lakini marufuku ya Michigan, na ile ya California ya 1996, inafika mbali zaidi: kazi, zabuni, wanawake. Hayo wapiga kura bado wanaweza kuyarudisha, na wangefaa kuyarudisha.

Sisi Wakenya tuliandika kinyume chake kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 27(6) kinaitaka serikali irekebishe madhara ya ubaguzi uliopita. Utekelezaji una mapengo, ndiyo. Lakini angalau tumekubali kwamba tatizo lipo, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa mpaka alazimishwe kumtazama.