Daktari wa Runingani Anawajibika kwa Nani?

Novemba 2016, watazamaji wa Marekani walimwona Shelley Duvall, mwigizaji wa filamu ya The Shining, akieleza mbele ya kamera kwamba Robin Williams, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla, bado yu hai. Aliyemhoji ni Phil McGraw, anayejulikana zaidi kama Dr. Phil. Duvall alikiri mwenyewe kwamba anaumwa sana na anahitaji msaada. Mgonjwa akitamka hivyo hospitalini, pazia huvutwa na wasiohusika huombwa watoke nje. Hapa maneno hayo yaliwekwa kwenye tangazo la kuwaita watu waje kutazama. Wengi walikasirika, lakini hasira yao iliishia kwa kipindi kimoja, ilhali kasoro imo katika utaratibu mzima: runinga humpa mtu heshima ya tabibu bila kumbebesha wajibu wa tabibu.

McGraw si mbabaishaji. Ana shahada ya uzamivu ya saikolojia tiba aliyoipata mwaka 1979. Leseni ya kutibu, hata hivyo, ni jambo jingine, na yake ya Texas aliacha kuihuisha mwaka 2006. Kipindi chake kilipoanza mwaka 2002 huko California, bodi ya saikolojia ya jimbo hilo iliona kwamba hahitaji leseni, kwa kuwa anachofanya ni burudani. Kisheria jibu hilo linaeleweka. Kimaadili linatia shaka, kwa sababu anayeketi kwenye kile kiti hakuja kuburudisha. Amekuja na ndoa inayovunjika au mtoto aliyezama kwenye dawa za kulevya, na anayemweleza hayo anamwita daktari. Leseni ndiyo inayomfunga mtaalamu atunze siri, asimtelekeze mgonjwa, na ajieleze mbele ya bodi akikosea. Mburudishaji hujieleza kwa idadi ya watazamaji tu.

Watetezi husema wageni hao ni watu wazima, wamesaini fomu, wala hakuna aliyewaburuta. Ni kweli, ila ridhaa ya mtu aliyeelemewa haifanani na ya mtu aliyetulia. Huko Uingereza, The Jeremy Kyle Show, kipindi kilichoanza mwaka 2005, kilizoea kuwapima wageni kwa mashine ya kugundua uongo, kisha mtangazaji akasoma majibu papo hapo huku ukumbi ukizomea. Mei 2019 kituo cha ITV kilikifuta baada ya mgeni mmoja aliyeshindwa kipimo hicho kufariki siku chache baadaye. Uchunguzi wa kifo uliokamilika mwaka 2024 haukupata ushahidi wa kutosha wa kukihusisha kipindi na kifo chake, na lazima hilo lisemwe. Lakini hatuhitaji kumtia mtu hatiani ili tuone ubaya wa mbinu yenyewe: hakuna mshauri nasaha anayemfumania mteja wake mbele ya umati. Ndiyo maana mwaka 2021 mdhibiti wa utangazaji, Ofcom, aliweka kanuni za kuwalinda washiriki walio katika hatari ya kudhurika.

Hoja nzito zaidi ni ya uhaba. Palipo na wataalamu wachache na aibu nyingi, mtangazaji anayelitaja neno sonona hewani huenda akawa wa kwanza kumfahamisha mama fulani kwamba mwanawe hakurogwa. Kazi hiyo ni njema na iendelee. Lakini kueleza dalili za sonona kwa umma ni elimu. Kumkazia macho mtu mmoja ukamwambia anaumwa nini na amwache nani, hiyo ni tiba. Daktari wa meno anaweza kulifundisha taifa kupiga mswaki bila kumng'oa mtu jino studioni.

Kwetu Afrika Mashariki vipindi vya ushauri wa ndoa na msongo wa mawazo havikosekani. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, inayotaka wanaotoa huduma hizo wasajiliwe. Vituo vianzie hapo: vitaje usajili wa mshauri kama vinavyotaja jina lake, visimpime mgeni hewani, na viwe na mtaalamu wa kumpokea kamera zikizimwa. Nawe mtazamaji, kabla hujaufuata ushauri wa runingani, jiulize: huyu akinipotosha, nitamshtaki wapi?